Ukirudi Eastlands, rudi ukae

Kuna swali ambalo mkazi wa Mathare, Korogocho au Mukuru humuuliza kila anayetoka majuu akisema amekuja kusaidia. Haliulizwi kwa ukali. Mama anayeuza sukuma wiki kando ya njia hulitoa huku akikata mboga, kisu kikiendelea na kazi yake: "Karibu sana, mwanangu. Na utakaa?" Nyuma ya swali hilo kuna miaka mingi ya kuzoea wageni wa kamera, wageni wa fulana zenye nembo ya mradi, na wale wa kuweka jiwe la msingi na kupotea. Mtaa umeona miradi mingi ikifunguliwa kwa keki na soda, kisha ikafungwa kimya kimya, na kufuli lake likaota kutu.

Sasa swali hilo linawaangukia Wakenya wenzetu. Ni mume na mke waliokaa Marekani, Uingereza au Ghuba, wenye watoto wawili au watatu waliozaliwa huko, na ambao siku moja wanaamua kwamba kutuma pesa hakuwatoshi tena. Wanataka kurudi wao wenyewe, na watoto wao, wafanye jambo kwa ajili ya watu maskini wa jiji walilotoka. Nawaheshimu kwa uamuzi huo. Ni uamuzi mgumu, na kwa kuwa ni mgumu unastahili kuzungumzwa kwa uwazi kuliko tunavyofanya kwenye sherehe za kuwakaribisha.

Tuanze na pesa, maana ndizo zinazotangulia mtu. Kwa mujibu wa Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio ughaibuni walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na zaidi ya nusu zilitoka Marekani. Hakuna chai wala kahawa inayoliletea taifa hili fedha za kigeni kiasi hicho. Huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, pesa hizo utazikuta katika karo ya mpwa anayesoma bweni, katika bili ya hospitali ya mama, na katika ploti ya Ruai au Joska iliyozungushiwa ua wa mabati. Zinasaidia sana, lakini zinapita kwenye njia ya damu: kaka humtumia dada, binti humtumia baba. Mtoto asiye na mjomba Dallas hazimfikii. Anayerudi kwa nia ya kusaidia anajaribu kumfikia huyo.

Eastlands yenyewe ilijengwa kwa ajili ya watu wa kufika na kutafuta. Pumwani ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, zikafuata Kaloleni, Ziwani, Makongeni, Shauri Moyo na Bahati, mitaa ya wafanyakazi Waafrika wa baraza la mji na wa reli. Ziwani ndiko alikokaa Tom Mboya wakati alipokuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, kabla ya kuhamia Lavington. Ni Mboya aliyeshughulikia safari za ndege zilizowapeleka vijana wetu vyuoni Marekani. Ndege ya kwanza iliondoka Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81. Kizazi kile kilienda kikijua kwamba kitarudi, na wengi walirudi. Wakawa wahadhiri, makatibu wakuu na mawaziri. Lakini makao yao yakawa upande wa magharibi wa jiji, kwenye nyumba zilizoachwa na Wazungu, na Eastlands ikabaki mahali pa kuombea kura. Siwalaumu kwa kutaka nyumba nzuri. Nasema tu kwamba umbali ule, wa kilomita chache tu, ulizaa mazoea ambayo hatujayaacha: anayesaidia analala kule, anayesaidiwa analala huku, na wanakutana siku ya hafla.

Katika kizazi hicho yuko mmoja ambaye habari zake zinafaa kusomwa na kila familia inayofikiria kurudi. Wangari Maathai aliondoka mwaka 1960, akasoma Kansas kisha Pittsburgh, akarudi mwaka 1966. Dunia inamkumbuka kwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004. Mimi nakumbuka zaidi jambo lililomshinda kwanza. Mwaka 1974 mumewe, Mwangi Mathai, aligombea ubunge wa Lang'ata na kuwaahidi wapiga kura kazi. Akachaguliwa. Wangari ndiye aliyeichukulia ahadi ile kwa uzito. Akaanzisha kampuni iliyoitwa Envirocare: watu maskini wa jimbo wangepata ajira ya kutunza bustani za matajiri na kupanda miti, na kitalu kikawekwa katika msitu wa Karura.

Wazo lilikuwa jema na nia ilikuwa safi. Kilichokwamisha ni mambo madogo ambayo aliye mbali na maisha hayo hayaoni. Mtu asiye na kitu anahitaji nauli ya asubuhi ili afike kazini, na anahitaji ujira wake jioni ili watoto wale. Mwenye bustani alitaka kazi ifanywe kwanza, alipe baadaye. Katikati hapo alihitajika mtu wa kutoa pesa zake mfukoni kila siku, na mfuko wa Wangari haukuwa na uwezo huo. Kampuni ikafa, na miche ikakauka.

Hakufungasha akaondoka. Aliupeleka mpango wake kwa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, mahali ambapo wanawake walikuwa tayari wameungana na kujuana. Juni 5, 1977, Siku ya Mazingira Duniani, waliandamana kutoka jumba la mikutano la KICC hadi viwanja vya Kamukunji, hapa hapa Eastlands, wakapanda miti saba. Hapo ndipo lilipozaliwa vuguvugu lililokuja kuitwa Green Belt. Baadaye vikundi vya wanawake vijijini vikajifunza kukusanya mbegu na kuotesha miche kwa njia zao, vikafundishana, na kila mche uliosalia hai ulilipiwa kiasi kidogo. Miti ikahesabika kwa mamilioni. Mbegu zilikuwa ni zile zile na mwanzilishi alikuwa yule yule mwenye shahada zake. Tofauti ni kwamba kazi ilikuwa imepata wenyewe, watu ambao wangeendelea kuotesha miche hata kama yeye angekuwa safarini, na kweli mara nyingi alikuwa safarini, au mahakamani, au kizuizini.

Ukitaka mfano wa siku zetu, na wenye mke na mume ndani yake, itabidi uvuke jiji hadi Kibera. Kennedy Odede alikulia huko. Mwaka 2004, akiwa kijana wa kibarua, alianzisha kikundi kilichokuja kuwa shirika la Shining Hope for Communities, SHOFCO. Mwaka 2007 alikutana na Jessica Posner, mwanafunzi Mmarekani aliyekuja Nairobi na kusisitiza kuishi ndani ya Kibera kwenyewe. Ghasia za baada ya uchaguzi wa mwaka huo zilipolipuka, Odede alipata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Wesleyan, Connecticut. Walioana, na kazi yao wakaijenga Nairobi. Shule ya wasichana ya Kibera, isiyotoza karo, ilifunguliwa mwaka 2009 Odede akiwa bado mwanafunzi. Baadaye wakafungua shule kama hiyo Mathare, na hapo ndipo habari yao inaingia Eastlands. Mwaka 2018 shirika lao lilipewa Tuzo ya Kibinadamu ya Conrad Hilton.

Namna walivyoipanga kazi ndiyo inayonivutia. Shule ya wasichana ikisimama peke yake katikati ya mabanda, baba asiye na kazi anaweza kuiona kama kitu cha wengine. Wao waliweka zahanati na maji safi kuizunguka shule, huduma za kila mtu, mwanamume kwa mwanamke. Mzee anayechota maji pale kila siku anajua yanatoka wapi, na hatakubali mtu aiguse ile shule. Mpango wa aina hiyo haubuniwi na mtu aliyesoma ripoti. Anaubuni mtu aliyewahi kupanga foleni ya jerikeni.

Sasa turudi upande wetu, Korogocho. Kinachotenganisha Korogocho na jaa la Dandora ni Mto Nairobi tu. Jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori ya taka yanaingia hadi leo. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa utafiti kuhusu watoto 328 wa eneo hilo: nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika kimataifa. Watoto hao walichunguzwa kupitia Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohane na shule yake ya jamii.

Katika eneo la kanisa hilo hilo ndiko ulikoanzia mradi wa muziki wa Ghetto Classics. Elizabeth Njoroge alikuwa ameishi na kusoma ng'ambo kabla ya kurudi Kenya na mapenzi yake ya muziki wa orkestra. Hakuingia Korogocho akiwa na mpango mkononi akitafuta watoto wa kuuweka juu yao. Padri John Webootsa, mmisionari wa shirika la Comboni aliyekuwa paroko pale, ndiye aliyemwomba asaidie kufundisha vijana wa parokia muziki. Hiyo ilikuwa mwaka 2008. Walianza na watoto wachache na vyombo vya kuazima. Baadaye tamasha za jazi za Safaricom zikawa zinachangia mradi, na watoto waliojifunza mwanzo wakawa walimu wa waliofuata.

Ingia pale siku ya mazoezi. Kwenye benchi la mbao msichana anapaka utomvu upinde wa fidla, polepole, akienda na kurudi, kisha anaupuliza vumbi. Karibu naye mvulana amevaa kandambili na ameshika tarumbeta yenye kibonyeo kilichofungwa kwa mpira wa kuzibia. Moshi wa jaa unaingia upepo ukigeuka, na korongo wakubwa wa Dandora wanapita juu. Anayesimama mbele kuwaongoza ni kijana wa mtaa huo huo, na anawakemea kwa Sheng pale wanapochelewa kuingia. Watoto wanarudia kipande kile kile hadi kinakaa sawa. Wazazi wao wanajua kwamba fidla haitaondoa risasi kwenye damu wala haitahamisha jaa. Lakini mtoto ana mahali pa kwenda, ana mtu anayemngoja, na mtu huyo atakuwepo wiki ijayo. Katika mtaa ambao karibu kila kitu ni cha leo tu, hilo ni jambo kubwa mno.

Hapa lazima niseme jambo ambalo litawaudhi wachache. Familia nyingi zinazorudi huja na ndoto moja: kufungua nyumba ya watoto yatima. Naielewa ndoto hiyo. Inaonekana, inapigika picha, na waumini wa kanisa kule Texas au Birmingham wanaielewa upesi wakiombwa mchango. Lakini watoto wengi walio katika nyumba hizo wana mzazi aliye hai, au wana shosho, au shangazi. Waliletwa na umaskini. Mama aliyekosa kodi na unga anaambiwa kuna mahali mtoto atakula na kusoma, anampeleka, na hivyo msaada wenyewe unaigawa familia. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na tangu mwaka 2022 tuna mkakati wa taifa wa miaka kumi wa kuwarejesha watoto katika familia. Ninyi mliorudi na watoto wenu kwa sababu hamkutaka kuwaacha nyuma mnaelewa kuliko yeyote kwa nini mtoto wa Mathare naye asitengwe na shosho yake. Mlipieni shosho kodi ya chumba. Mtafutieni mtaji wa maharagwe. Haitapatikana picha ya kupendeza, na mtoto atalala kwao.

Na kuhusu picha: acheni kuwapiga picha watoto wa watu wakiwa na kamasi na nguo zilizochanika. Hakuna mzazi anayeingia kwenye mjadala huu ambaye angekubali mwanawe aonyeshwe hivyo kwa wageni ili mtu mwingine apate pesa. Unyonge wa mtoto haufai kugeuzwa risiti.

Yapo pia mambo ya nyumbani ambayo hayasemwi kwenye hotuba. Katiba ya mwaka 2010 iliondoa kikwazo kikubwa: sasa Mkenya anaruhusiwa uraia wa nchi mbili, na aliyeupoteza wa Kenya zamani anaweza kuuomba tena. Mtoto aliyezaliwa ng'ambo na mzazi Mkenya ni raia kwa kuzaliwa. Mume au mke mgeni ana haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia baada ya miaka saba ya ndoa. Wauguzi, ambao ni wengi katika jamii zetu za ughaibuni, hawana budi kupitia Baraza la Wauguzi la Kenya kabla ya kugusa mgonjwa, hata kama wamefanya kazi Minnesota miaka mingi. Wanaotaka kuunda shirika wajue kwamba sheria mpya ya mashirika ya manufaa kwa umma ilianza kutumika Mei 2024, ikachukua nafasi ya ile ya mwaka 1990. Makaratasi haya yafuatwe kabla ya kuuza nyumba kule.

Kisha kuna mahali pa kuishi. Wengi hukimbilia mitaa yenye mageti ya upande wa Kiambu, na kila asubuhi wanavuka jiji kwenda kusaidia. Mimi naona familia yenye nia ikae Eastlands. Buruburu, Donholm na Umoja zina nyumba za kumfaa mtu wa kipato cha kawaida, shule, maduka, na matatu hadi usiku. Kutoka huko unafika Mukuru au Kayole bila safari ya maana. Watoto watanasa Kiswahili na Sheng kwa wiki chache za kucheza kati na kalongolongo uwanjani, jambo ambalo hakuna mwalimu wa kulipwa anayeweza kulifanya. Watalia mwanzoni kwa sababu maji hayaji kila siku. Wazoee, maana ndiyo hali ya majirani zao. Na mama mboga atakuwa na jibu la swali lake bila kulirudia.

Ndugu nao wataomba. Usitegemee kwamba utaweza kuwasaidia watu wa Korogocho huku shangazi yako wa Murang'a akisikia redioni kwamba umerudi. Ongeeni na jamaa mapema, mbele ya wazee, mseme mnaweza nini na hamwezi nini. Na pesa za kuishi zitenganishwe kabisa na pesa za kazi. Mtu anayekula kwa michango ya wafadhili hujikuta akihitaji umaskini uendelee ili barua zake ziwe na la kusema. Hilo limeharibu watu wema.

Anayetaka kuona wazo dogo likikua bila kupoteza wenyewe atazame chakula cha shuleni. Wawira Njiru alikuwa mwanafunzi wa lishe Australia alipoandaa chakula cha jioni mwaka 2012 kuchangisha pesa, akaanza kulisha watoto 25 huko Ruiru kutoka jiko la muda. Alirudi, akaendelea. Juni 2023 Kaunti ya Nairobi na shirika lake, Food4Education, walizindua mpango wa Dishi na County, na majiko makubwa yakajengwa katika shule za umma, za Eastlands zikiwemo. Mtoto anagusisha bangili ya mkononi, shilingi tano zinakatwa, anapewa sahani yake moto. Zile shilingi tano hazitoshi gharama. Kaunti na shirika wanabeba zilizobaki. Lakini mzazi amelipa, na aliyelipa ana ruhusa ya kulalamika wali ukiwa na mawe. Kwangu mimi ruhusa hiyo ya kulalamika ni alama nzuri kuliko shukrani zote.

Aprili 2024 mvua zilipofurika, Mto Mathare ulibeba nyumba usiku. Wa kwanza kuvuta watu majini walikuwa vijana wa mtaa, na wa kwanza kupika uji walikuwa akina mama wa vyama. Kisha serikali ikaagiza waliojenga ndani ya mita 30 za mto waondoke, matingatinga yakaja, na familia zikaahidiwa shilingi 10,000 za kuhamia. Hapo ndipo unapojua nani yuko. Vikundi vile havina tovuti. Vina daftari la michango, mwekahazina anayeogopwa, na nambari ya simu inayojulikana na kila mtu kwenye njia ile.

Kwa hiyo, ndugu zangu mlioko Baltimore, Leicester au Doha ambao mmeanza kuongea mezani juu ya kurudi: kabla ya kukata tiketi, tafuteni mwalimu mkuu mmoja wa shule ya jamii ya Mathare au Mukuru, au mwekahazina wa chama kimoja, au muuguzi mmoja wa hospitali ya Mama Lucy Kibaki, mumuulize anahitaji nini na nani ameshaanza kukifanya. Shule hizo za jamii ndizo zinazosomesha watoto wengi wa mabandani, na hazipati mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi kama shule za umma zinavyopata. Zinahitaji mwalimu wa hesabu atakayemaliza mwaka mzima, na mhasibu wa kuweka vitabu sawa. Muhula wa kwanza huanza Januari. Njooni kabla yake, mkae chini ya hao waliowatangulia, na mshike kazi mtakayopewa.